Mama Miche na Shamba la Mteremkoni

Nilimwona marehemu mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 11 Februari 1995. Nilikuja na baba mdogo kujitambulisha, nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Yeye alikuwa juu ya ngazi, anapogoa mti katikati ya mahindi. Hakushuka. Alisema tu, "We kijana, shika hilo tawi lisiniangukie mahindi." Tawi lilijaa sisimizi wanaouma. Nililishika mpaka akamaliza, sikusema kitu. Jioni alimwambia binti yake, "Huyu haongei, lakini haachii." Ndivyo nilivyopata mke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa mfua vyuma na mfinyanzi wa vyungu. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1963 ili alee wadogo zake baada ya mama yao kuugua. Kusoma hakuacha. Hata karatasi iliyofungia sukari aliinyoosha kwanza, akaisoma pande zote mbili.

Mwaka 1970 aliolewa na fundi mwashi, wakajaliwa watoto watano. Mumewe alifariki tarehe 3 Oktoba 1984, akamwachia ekari mbili za mteremkoni. Kila msimu mvua ilizichuna na kupeleka udongo bondeni.

Kazi yake ilianzia hapo. Bwana shamba alimpa miche ya mikaratusi, naye akaipanda katikati ya mahindi. Baada ya miaka miwili miti ilikwenda juu, mahindi yakaishia magotini. Aliing'oa yote kwa jembe, wapita njia wakicheka. Kisha akaenda kwa miguu hadi kituo cha miche, akawauliza mpaka wakamchoka: ni mti gani usiogombana na mahindi? Alirudi na mbegu, akaziotesha kwenye pakiti tupu za maziwa. Safari hii alichimba makinga maji, matuta ya kukatisha mteremko, akapanda juu yake kwa mistari miti ya malisho na ya mbao, na kila mwaka aliipogoa ili mahindi yapate jua. Mdogo wa marehemu mumewe alimuuliza mbele za watu, "Shemeji, mwaka huu utapika majani?" Akamjibu, "Njoo na sahani yako." Wakaanza kumwita Mama Miche, kwa dhihaka.

Udongo ukatulia. Majani yakalisha mbuzi, mbuzi wakatoa maziwa, samadi ikarudi shambani, na binti zake wakaacha kutembea nusu siku kutafuta kuni. Mwaka mvua ilipokatika mapema, majirani walivuna mabua. Yeye alipata magunia sita. Shemeji yake alikuja, na kweli alikuja na sahani. Alijaziwa, akapewa na miche kumi ya kwake. Mbao za mistari ya kwanza zilimsomesha kitinda mimba hadi akawa mwalimu.

Maumivu ya tumbo yalianza Agosti 2024. Alituficha. Tarehe 12 Novemba daktari alisema ana uvimbe, utolewe haraka. Mtoto wake wa kwanza, dereva wa lori, alitaka tuuze miti yote. Marehemu alikataa.

"Kateni ya kando ya barabara. Hiyo niliipandia ugonjwa. Ya kwenye makinga maji, hapana."

"Mama, udongo bila wewe ni wa nini?"

"Ni wa kulima. Ukishuka huo, wanangu, mtakula nini?"

Miti ya barabarani haikutosha. Tulibishana, tukachangishana, na upasuaji ukafanyika tarehe 21 Januari 2025. Uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Shemeji yangu dereva ameomba hili liandikwe, watu wasije wakasema tulipenda miti kuliko mama. Tulimtii. Kama tulifanya vyema kumtii hatujui, na kila mmoja wetu analala na swali hilo.

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto watano, wakwe wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na shemeji yake, ambaye amekataa kupumzishwa kuchimba kaburi hili. Mama yetu alale salama katika udongo alioulinda miaka arobaini.

Jumatano jioni ilikuwa zamu yangu kukaa naye. Mawingu yalikuwa yametanda, mbegu zilikuwa mlangoni tangu Jumatatu, na hakuna aliyetaka kwenda shambani akamwacha. Alifungua macho, akaniambia, "Mkwe, mvua ikianza, msinisubiri. Pandeni."