Tovuti ya Madawati Imefungwa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya karakana ya fundi seremala, na kahawa ya mtu tunayemwita Birika. Wanachama wa kudumu ni Fundi mwenyewe; Spika, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huongea hata mteja akilala kitini; Kamanda, mlinzi wa benki; na mimi, Digrii, niliyesomea kompyuta miaka minne na sasa naingia mwaka wa tatu wa kulipasha joto benchi. Asubuhi hiyo Fundi alitoka na simu mkononi. Tovuti yake, ile niliyomtengenezea nikiwa bado chuoni, haifunguki. Na saa tisa alasiri kamati ya shule moja inakaa kuitazama, ichague nani atatengeneza madawati mia mbili.

FUNDI: Jamani, mbao nimeshakata!

SPIKA: Umehujumiwa, kaka. Wale wenye duka la fanicha la vioo wamekufanyia figisu.

KAMANDA: Wapi! Ni waya wa chini ya bahari. Samaki wameutafuna.

SPIKA: Samaki atafune tovuti ya Fundi peke yake? Mbona mimi mpira naangalia?

KAMANDA: Samaki anachagua. Sisi wa lindo tunaambiwa mambo.

BIRIKA: Majina yameisha. Watu wamezidi duniani, majina ya mtandao hayatoshi, sasa wananyang'anywa wadogo wapewe wakubwa.

La Birika lilikuwa na sura ya ukweli.

MIMI: Excuse me! Aliyesoma amekaa hapa, nyie mnahoji samaki? Lete simu, Fundi. Haya, someni: jina limesimamishwa kwa sababu mawasiliano ya mmiliki hayakuthibitishwa.

FUNDI: Kwa lugha ya benchi?

MIMI: Simple. Ukisajili jina la tovuti unaacha rekodi: mmiliki nani, barua pepe, simu, anwani. Kampuni ya usajili inatakiwa ihakikishe ni za kweli. Mwaka huu wamekagua, wakatuma barua pepe, wakasubiri siku kumi na tano, kimya, wakafunga. Wazembe! Dunia imejaa watu wenye ajira wasiojua kazi, na wanaojua kazi tuko hapa tunahesabu magari.

SPIKA: Sema nao, Digrii!

FUNDI: Hiyo barua waliituma wapi?

MIMI: Kwenye... ile ya chuo. Yangu.

FUNDI: Ukaisoma?

MIMI: Chuo kiliifunga nilipomaliza. That's their policy, mimi ningefanyaje? Lakini namba ya simu ipo!

KAMANDA: Ya nani?

MIMI: Ya Birika, obviously. Nani hapa hatoi namba ya Birika? Simu yake ndiyo pekee isiyozima.

Shingo zote zikageuka. Birika akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kikavu.

BIRIKA: Kuna dada alipiga wiki iliyopita. Sauti ya ofisini. Anamtaka mwenye tovuti ya fanicha. Mimi sauti ya ofisini naijua, ni shari tupu. Nikamwambia hayupo, hajawahi kuwepo, na mtaa huu hauna seremala.

FUNDI: Birika!

BIRIKA: Nilikukinga, ndugu yangu! Hata Kamanda nilimkinga hivyo hivyo mwaka jana.

KAMANDA: Ndiyo maana kile kiwanda nilichoomba kazi hakikunipigia tena?

SPIKA: Tulieni. Anwani je?

MIMI: Niliandika "mkabala na duka la dawa".

SPIKA: Lililohama?

MIMI: Wakati naandika lilikuwepo! Details zilikuwa sahihi hundred percent!

FUNDI: Na jina la mmiliki?

MIMI: Fundi Mkuu.

FUNDI: Fundi Mkuu ndiye nani?

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja amesimama kando yetu, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi. Alisema yeye ni mtunza stoo wa ile shule. Tovuti ilikataa kufunguka tangu asubuhi, ikabidi aje kwa kuulizia njia. Amesikia ya kutosha. Akaomba nimsomee rekodi yote. Nikamsomea, sauti ikipungua kila mstari.

— Barua pepe ya kijana huyu, akasema taratibu, simu ya muuza kahawa, anwani ya duka lililohama. Sasa mtengeneza madawati mwenyewe yuko wapi humu?

Spika akapapasa mfukoni akitafuta kitana. Kamanda akaikagua barabara. Mimi, mwenye lugha mbili na cheti cha daraja la juu, nikaanza kuhesabu magari.

Fundi akajipangusa mikono kwenye aproni, akaingia karakana, akatoka na kitambulisho. Akanisogeza kwa nyonga, akakaa.

— Waandikie hao waliofunga. Sasa hivi, mama akiwa hapa.

Akaanza kunitajia majina yake matatu, herufi kwa herufi, polepole kama anayepima ubao. Nimekunywa kahawa ubavuni mwake miaka mitano, tangu nikiwa chuoni. Ilibidi nimwombe arudie la kwanza.