Magongo Yaliyotundikwa kwa Bikira

Ndugu waombolezaji, mimi ni Donato Petrullo, mdogo wake marehemu Incoronata, nimepewa kusoma historia yake, nami nitaisoma yote, asiyetaka kuisikia mlango uko wazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1955 hapa hapa kijijini, mtoto wa kwanza wa fundi viatu Canio, akapata polio Agosti 1958, kabla chanjo haijatufikia huku milimani, mimi niliyemfuata nilidondoshewa tone langu juu ya sukari mwaka 1964, naye wakati huo yuko hospitali Napoli, miguu imefungwa vyuma, anasomea shule kitandani. Tarehe 8 Septemba 1969, sikukuu ya Bikira, aliyaweka magongo yake chini ya sanamu, akatembea bila hayo, mkasema ni muujiza, mkayatundika ukutani mwa kanisa, mkalia kwa furaha, na tangu siku hiyo hamkumwacha apumue.

Alikuwa mhudumu wa shule miaka thelathini na mmoja, akipandisha kuni ghorofani, akaolewa na Gerardo tarehe 21 Aprili 1979, wakajaliwa binti, Assunta, na kila sikukuu tulimtanguliza mbele ya maandamano, apande kilima kwa miguu yake, wageni wamwone.

Mwaka 2012 miguu ilianza kumwaka moto, mikono ikaishiwa nguvu, madaktari wakamwambia ni uzee, wakamwambia ni uvivu, fanya mazoezi mama, akafanya, akazidi kwisha, hadi daktari mmoja wa mjini Potenza, mwaka 2017, alipomweleza kwamba mishipa ya fahamu iliyonusurika polio imefanya kazi ya ile iliyokufa kwa miaka karibu sitini, sasa imechoka, ashike magongo, aketi kabla hajachoka.

Akaja kuiambia kamati ya sikukuu. Mwenyekiti akamjibu, "Dada, ukishika magongo tena watu watasema Bikira amekunyang'anya miguu. Jikaze bwana, ni kilomita mbili tu." Mwenyekiti huyo ni mimi.

Akajikaza miaka sita, tarehe 8 Septemba 2023 akaanguka pale kwenye kona ya kisima, nyonga ikavunjika, kifua kikashindwa kuvuta pumzi, akafariki tarehe 19 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake uko mkononi mwa Assunta.

Jana nimeyashusha yale magongo, paroko amekasirika, na akasirike. Yananifika kiunoni, ni ya mtoto, hata tungempa yasingemfaa kitu, yeye alichokuwa anatuomba ni ruhusa tu.

Tunamshukuru daktari wa Potenza, wauguzi, walimu aliofanya nao kazi, na majirani mlioleta supu kila siku bila kumwambia asimame. Kamati siishukuru.

Pumzika, dada. Hakuna tena wa kukuambia ujikaze.