Mtaro Nilioukata Kando ya Ziwa

Mama zangu, dada zangu, nisimame au nikae? Haya, nasimama. Jambo hili nimelinyamazia miaka mingi, na nawaambia mapema: mengine hata mimi sijayaelewa mpaka leo.

Mimi ni wa hapa hapa Kigali, mlimani Nyamirambo. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikabaki na watoto watatu na cherehani nisiyojua hata kuitia uzi. Wifi yangu, dada yake marehemu, alikuwa ameolewa Bugesera, ng'ambo ya mto Nyabarongo, kando ya ziwa moja dogo. Alikuja msibani, akanichukua. "Twende, mke wa kaka. Shamba iko, samaki iko. Watoto hawatalala njaa."

Shamba lenyewe sasa! Lilikuwa ukingoni mwa mafunjo, yale majani marefu ya majini wanayosukia mikeka, wenyewe huyaita urufunzo. Masika mto ukifurika, maji hupita polepole ndani ya mafunjo mpaka ziwani, na ardhi yote ile inakuwa tope. Mimi nikaona kasoro. Ndugu zangu, sisi watu wa mlimani tunajuana: mvua ikinyesha, hata chai hujanywa umeshashika jembe kuzibua mtaro, nyumba isije ikabomoka. Maji yaliyosimama kwetu ni adui. Basi wifi alipokwenda kumuuguza mama mkwe wake, niliita vibarua wawili, tukakata mtaro katikati ya mafunjo, kutoka ziwani moja kwa moja hadi mtoni.

Wifi aliporudi alishika kichwa. "Umefanya nini?" Nikamcheka. Nikamwambia asubiri aone nyanya nitakazovuna.

Na kweli, nyanya za mwaka ule, loo! Nikajiona mjanja kuliko wenyeji wote.

Kiangazi kilichofuata ndipo akili ikaanza kuniruka. Ziwa lilirudi nyuma. Udongo wangu ukapasuka, nyanya zikakauka zingali changa. Kambare, waliokuwa wakivuliwa hata kwa kikapu, wakatoweka. Wavuvi wanarudi na vikapu vitupu, wananitazama. Halafu masika yakaja, na mto, badala ya kuingia taratibu kama zamani, ukapita mbio kwenye mtaro wangu, ukazoa miche na udongo wake. Sasa niambieni nyinyi: juzi nalia sina maji, leo maji yamenimaliza. Maji gani haya? Nilisimama pale nimeshika sufuria, sijui hata nimeichukua ya nini.

Mtu aliyechanganyikiwa hutafuta wa kumlaumu. Nikakumbuka wifi alivyoshika kichwa. Nikasema, kumbe alijua! Siku ya soko, mbele ya watu, nikamwita mchawi. Dada aliyenitoa msibani! Nikasema ameniroga kwa wivu. Watu wakageuka kumtazama. Yeye alikunja mikeka yake, akaenda zake. Tangu siku ile wapo waliokataa kabisa kununua mikeka yake.

Wiki nzima hakunisemesha, lakini chakula cha wanangu alileta. Hilo nalo likanivuruga zaidi. Mchawi gani huyu?

Asubuhi moja akaja akaniambia nivue viatu. Tukaingia ndani ya mafunjo, sehemu ambayo sikuikata. "Simama. Sikiliza na miguu yako." Maji yalikuwa baridi, yanatembea polepole mno, na visamaki vinanigusa vidole. "Samaki inazaa hapa," akasema. "Mto inakuja na tope, tope inabaki hapa, ziwa inapata maji safi. Kiangazi maji inatoka kidogo kidogo, ndiyo shamba inakunywa." Kisha akanipeleka kwenye mtaro. Maji mekundu yalikuwa yanakimbia, yanang'oa mizizi ya kingoni. "Hapa maji haina mahali ya kulala. Wewe umeifukuza."

Hakunitukana. Wallahi, angenitukana ningepata nafuu. Nililia mpaka nikakaa kwenye tope.

Tukauziba mtaro, mimi, yeye, na wavuvi wanne niliowakosesha riziki. Tulijaza udongo, tukapandikiza mizizi ya mafunjo. Masika yakang'oa nusu. Tukarudia. Ilipita miaka mitatu, ndipo mvuvi mmoja akaweka kambare mlangoni kwangu, akaondoka. Sijui alikuwa ananisamehe au ananisuta. Kambare nilimpika, tukala.

Nawashukuru wavuvi wale. Nawashukuru nanyi mlionipokea niliporudi mjini. Na mkitazama mabonde yetu haya ya Kigali mkasikia mtu anasema pale pamekaa bure, ni maji na majani tu, mwambieni aulize kwanza yanafanya kazi gani kabla hajashika jembe. Mimi sikuuliza.

Limebaki jambo moja. Wifi yuko hapa, ndiye yule aliyekaa karibu na mlango, amekuja jana kutoka Bugesera. Nilimwomba radhi ndani ya mafunjo, tukiwa wawili tu, akasema yameisha. Lakini mchawi nilimwita mbele ya watu, na mbele ya watu sijawahi kulifuta neno lile. Kwa nini nimechelewa hivi, sijui. Nadhani ni aibu.

Wifi, simama wakuone. Jamani, huyu hakuniroga. Mtaro niliukata mimi.