Siku Mbili za Wahab

Bwana aliyekaa kando yangu alikuwa akikata siku ya leo kwa kalamu kwenye kalenda ndogo, kama alivyozikata zote za nyuma, teksi yetu ya Mbale iliposimama Busiu na mwanamke akapanda. Kalamu ikamponyoka.

"Bushira! Umetoka nje? Eda ya marehemu mume wako bado siku mbili!"

"Bwana Wahab, nimemaliza juzi. Miezi minne na siku kumi."

"Nimehesabu mwenyewe!" Akamwonyesha kalenda.

"Hiyo ni ya Kizungu, si ya eda. Mwezi wa mbinguni ni siku ishirini na tisa ama thelathini, basi. Hauna thelathini na moja. Wewe Mnubi, Mwislamu mzima, hujui?"

Nilijifanya nasoma simu, nayo ilikuwa imezimika.

"Na eda yangu unaihesabia nini?"

Wahab akainama kuitafuta kalamu yake mpaka tukaingia mjini.

"Jana Hakim wa jirani alituma wazee kuniposa," Bushira akasema. "Naenda kwa mjomba kutoa jibu."

Teksi ikasimama. Mlango ukafunguliwa, lakini hakuna aliyeshuka, hata mimi niliyechelewa chuoni.

"Niliogopa kuja kabla ya eda kwisha," Wahab akasema, karibu kulia. "Bushira, mimi nataka kukuoa."