Uzi Uliokatika Kiritiri: Kumuaga Bwana Eliphas Njura

Ijumaa hii, tarehe 1 Agosti 2025, Bwana Eliphas Njura, mhudumu wa maabara wa shule yetu, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na miwili na nusu. Alifika hapa Siakago Januari 1993, wakati maabara ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza mbili. Leo maabara ziko tatu, na hakuna chupa humo ambayo hawezi kuitoa akiwa amefumba macho.

Wanafunzi humwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Walimu wa sayansi wanasema kwamba katika miaka yote hiyo, hakuna asubuhi ya mtihani wa vitendo iliyomkuta hajawa tayari. Kuna mwaka wa kiangazi mifereji ilikauka usiku wa kuamkia mtihani wa kemia. Alfajiri alionekana akisukuma baiskeli yenye mitungi miwili kutoka kisima cha kanisa. Maji aliyachuja, akayachemsha, na Kidato cha Nne wakaanza saa mbili kamili bila kujua kilichotokea.

Mimi ni katibu wa Klabu ya Muziki, na sisi wa muziki tunamjua zaidi kwa magitaa. Mwaka 1998 shule ilipata magitaa matatu, na kabati pekee lenye kufuli ya kuaminika lilikuwa la maabara. Hivyo aliyetunza asidi akatunza na magitaa. Yeye mwenyewe anajua kupiga nyimbo nne tu, zote za kanisani, na anasema Mungu hajalalamika.

Kila Kidato cha Kwanza kilipokuja kilimuuliza swali lile lile: nyuzi za gitaa hubadilishwa baada ya muda gani? Hakupenda kujibu kwa kalenda. "Usiulize mwezi, uliza kidole," alisema, kisha akakuambia upitishe kidole chini ya uzi. Ukikwaruza kama msasa, au kidole kikitoka cheusi, muda wake umekwisha. Ukiukaza mara tatu katika wimbo mmoja na bado unalegea, pia umekwisha. Gitaa la mtu mmoja anayepiga Jumapili tu alilipatia miezi mitatu, hata minne. Yetu, yanayoshikwa kila jioni na mikono iliyotoka kula githeri, aliyapa wiki sita. Na jambo moja hakulilegeza kamwe: nyuzi mpya zikae kwenye gitaa siku nne kabla ya kuimba mbele ya watu, kwa sababu uzi mpya bado unajinyoosha na utakuaibisha.

Waliotutangulia klabuni wanasimulia kwamba shule zilipofunguliwa baada ya korona hawakuwa na nyuzi mpya, akazichemsha zile nene katika maji safi ya maabara. Mwalimu wa kemia, Bwana Mutwiri, alimkuta akasimama mlangoni.

"Njura, hilo ni jaribio gani?"

"Natoa jasho la Kidato cha Pili, Mwalimu. Limekaa humo tangu mwaka jana."

Zilipata uhai wa wiki mbili, si zaidi, na yeye alikuwa amewaambia hivyo mapema.

Katika kuandika, nilifika hapa nikakwama kwa siku tatu. Wasifu ungeweza kuendelea na vikombe tulivyoshinda, lakini kuna jambo la mwaka jana ambalo wengi mnalijua vibaya, na mnalijua vibaya kwa sababu yangu.

Ilikuwa wiki ya tamasha la muziki la kaunti, lililofanyika Kiritiri, kwao Bwana Njura. Jumatatu alikuwa na maandalizi ya majaribio ya Kidato cha Nne, akanipa ufunguo wa kabati na pakiti ya nyuzi mpya. Hakuwa amewahi kumpa mwanafunzi ufunguo huo. Nilianza na uzi wa kwanza, ule mwembamba. Nikaukaza, nikaukaza tena, ukakatika na kunichapa kidevuni. Katika pakiti kila uzi huwa mmoja tu.

Ningetembea hatua ishirini nimwambie. Lakini mimi ni mtu ambaye akiulizwa jina lake na mgeni hutazama viatu. Nilirudisha ule uzi wa zamani, umepinda pale ulipokuwa umefungwa, nikaacha na nyingine zote za zamani ili zifanane, nikazisugua kwa kitambaa mpaka zikang'aa upande wa juu. Pakiti nikaificha kwenye sanduku langu bwenini. Jioni alipita.

"Umemaliza, Kananu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Ijumaa, katika ubeti wa pili, uzi ulikatika pale pale ulipopinda. Kwaya yetu, iliyokuwa ikifuata gitaa, ikapoteza sauti na haikuipata tena. Tukawa wa tano kati ya shule sita. Mwamuzi alisema kwa kipaza sauti kwamba aliyekabidhiwa vyombo vya shule hii afahamu kuwa nyuzi zina umri. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Kiritiri, majirani zake, hata mchungaji wake. Wakageuka kumtazama pale alipoketi. Njiani kurudi, Njoki, sauti yetu ya kwanza, alisema huku analia, "Mzee ametupatia gitaa la makumbusho." Nilikuwa nimeketi kando yake. Nikatazama viatu.

Jumatatu kwenye gwaride, Mwalimu Mkuu wetu, Madam Gladys, alirudia maneno ya mwamuzi, akaagiza ufunguo wa kabati ukabidhiwe mwalimu wa zamu. Ulikuwa umekaa na Bwana Njura miaka ishirini na sita. Aliutoa kwenye pete ya funguo zake mbele yetu sote. Alisema tu, "Sawa, Madam." Siku ya pili tulikutana kwenye ngazi za maabara. Nilidhani ataniuliza. Alinitazama, akasema, "Kidevu kimepona?" Nikasema kimepona, nikakimbia.

Mwezi uliopita nilichaguliwa kuandika wasifu huu kwa sababu insha zangu za Kiswahili husomwa darasani. Nilienda kumuuliza tarehe zake za kazi. Nilipomaliza tarehe nilibaki nimesimama, kisha nikamwambia yote, nikiitazama sinki.

"Nilijua," alisema. "Uzi mpya haukatiki ukiwa mweusi hivyo."

"Sasa kwa nini hukusema, Mwalimu?"

Alikuwa akipanguza chupa, na hakuacha. "Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja ya kusemwa vizuri. Hiyo ikitolewa kidogo, inabaki. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Ungeisha wote."

Halafu akaniambia nisiandike mambo hayo, niandike vikombe. Naomba anisamehe, hilo sijalitii. Vikombe viko ofisini na kila mtu anaviona. Hili halikuwa likionekana na mtu yeyote, na yeye anarudi kuishi Kiritiri, kati ya watu waliomgeukia siku ile.

Nakala ya kwanza niliyompelekea Madam Gladys ilisema "mwanafunzi mmoja". Aliirudisha akiwa amepigia mstari maneno hayo, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Nani?" Hakuandika kingine. Nilikaa nayo maktaba mpaka kengele ya chakula, ndipo nikayafuta na kuandika "mimi". Aliposoma mara ya pili aliniambia kwamba Ijumaa atasimama yeye mwenyewe mbele ya gwaride aondoe maneno aliyoyasema mwaka jana, na kwamba angetaka nisimame karibu naye. Nimekubali. Sijui nitatazama wapi.

Wageni wetu mliotoka Kiritiri kumchukua, mlikuwa ukumbini au mlisimuliwa. Bwana Eliphas Njura hakusahau nyuzi. Alizitoa kwa wakati wake, siku nne kabla, kama alivyofanya kila mwaka. Aliyezificha ni mimi. Tafadhali mkirudi nyumbani mbebe karatasi hii, na mtu akilitaja tamasha lile sokoni au kanisani, msomeeni sehemu hii.

Mwalimu, asante kwa maabara, kwa magitaa, na kwa mwaka mzima ulionibebea. Shule nzima inakuombea afya njema, mvua inayofika kwa wakati juu ya ndengu zako, na usingizi usiokatizwa na kengele. Nenda nyumbani na jina lako likiwa zima.

Kananu Thuranira
Kidato cha Tatu