Afisa Aliyezungukwa na Shemeji na Mkwe

Assalamu alaikum, ndugu zangu mliokuja kutufariji. Mimi ni Salah, shemeji yake marehemu, na familia imenipa kazi hii ingawa mnajua nilivyomlaumu.

Abdirahim Warfa alizaliwa Liboi tarehe 14 Machi 1971, katika familia ya wafugaji, akasoma shule ya msingi huko huko na sekondari hapa Garissa, akapata stashahada ya ununuzi na ugavi Nairobi, na mwaka 1997 akaajiriwa serikalini kuwa afisa wa ununuzi. Tarehe 6 Agosti 1999 alimwoa dada yangu Maryan, wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba akiwa Hinda.

Mwaka 2016 marehemu alipigania kanuni kwamba mitambo ya kuendesha pampu za visima kwa nguvu za jua inunuliwe kwa mafundi wa huku, ili vijana wetu wajifunze kuunda badala ya kungoja kontena kutoka ng'ambo, akashinda, nasi tukamshangilia. Lakini fundi wa mitambo hiyo Garissa nzima alikuwa mmoja, yaani mimi, kila ununuzi ulihitaji sahihi ya marehemu, na sheria haimruhusu afisa kununua kwa shemeji yake. Wanasema mcheza kwao hutunzwa, mimi kwetu nilikatazwa.

Aliniomba nimfundishe mtu asiye jamaa yake, akaja Kadar, akaiva, akafungua karakana yake, na kabla hajauza mtambo hata mmoja akamposa Hinda. Walioana Desemba 2021, Kadar naye akawa mkwe wa afisa, sisi tukacheka, marehemu hakucheka. Nilimwambia ajiuzulu, akasema akiondoka kanuni itafutwa na kontena zitarudi, basi akabaki pale pale, hawezi kununua, hawezi kuondoka, na karakana yangu ikawa ya kuchomelea milango. Niliumia sana, na yeye aliumia zaidi yangu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, akatibiwa hapa na Nairobi, akafariki Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, tukamzika siku hiyo hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa ofisini, ambao jana walinipigia simu kunipa pole, wakanieleza kwamba kanuni bado ipo, na kwa kuwa sina tena jamaa pale, mimi na Kadar tupeleke mitambo.

Tutaipeleka, shemeji. Ningependa zaidi uendelee kunikatalia. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe mapumziko uliyoyakosa kazini.