Nilimhubiria Dada Yangu Kutoka Ng'ambo ya Kijito

Wazee wangu na mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Ninyi wengine wote nawasalimu katika jina la Yesu.

Mchungaji ameniomba nisimame kidogo kwa ajili ya hawa ndugu wanaoingizwa kazini leo, wanaokwenda majumbani kuwasaidia watu waliofungwa na hofu. Nafikiri alitegemea niwape mbinu. Mbinu sina. Nina aibu moja niliyoibeba zamani na habari ya jinsi ilivyoniondoka, basi nitawapa hiyo. Majina sitataja, maana wenye habari yao wengine wako humu ndani, na mmoja ananikazia macho hivi sasa.

Nilikuwa mwinjilisti kijana. Tulikuwa bado Mkoa wa Arusha, hatujapata Manyara yetu. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia tu vikaanza kuonekana mnadani Katesh: redio, tochi za kila namna, viatu vya mitumba. Wakristo wa mtaa wangu wakaninunulia kipaza sauti cha betri, kile cha kushika mkononi chenye mdomo mpana. Ndugu zangu, nawaambia, kile chombo kiliniharibu. Sauti kubwa nilikuwa nayo tayari. Nilipokishika, hata ng'ombe waliacha kula wakageuka kunitazama. Cheka tu, mama, wewe ulikuwepo. Somo langu lilikuwa moja, uhuru. Uhuru kutoka kwa mapepo, kutoka kwa waganga, kutoka kwenye miiko. Watu wakawa wananiita mfunguaji, nami sikukataa.

Sasa nina dada, mdogo wangu anayenifuata. Aliolewa upande wa pili wa bonde, mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Hanang wote. Alijifungua mtoto wa kiume, akamnyonyesha miezi minne, mtoto akafa.

Wenyeji mnajua kilichofuata. Kwa wageni nitaeleza. Kwa desturi ya wazee wetu Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya hukaa kando. Haingii kwa mtu na mtu haingii kwake. Haombi moto kwa jirani. Chakula akiletewa kinawekwa kwenye jiwe njiani, aliyeleta akishaondoka ndipo anakwenda kukichukua. Hofu kubwa ni kwa wenye mimba na wenye watoto wachanga, kwamba kifo kitawafuata na wao. Wazee sitawatukana. Waliona ndui ikimaliza boma zima, wakajikinga kwa namna waliyoijua. Lakini dada yangu hakuwa na ndui. Alikuwa na msiba, akaachwa aubebe peke yake. Hata mume wake aliondoka, akaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya ngano kule Basotu ambako hakuna aliyemjua.

Na mimi nyumbani kwangu mke alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Hilo mlishike.

Washarika wakaniambia, "Mwinjilisti, nenda ukamfungue dada yako." Nikaenda, kipaza sauti begani. Nikafika kijitoni chini ya nyumba yake, nikasimama upande wa huku. Yale maji yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu. Sikuvuka. Nikawasha kipaza sauti nikaanza kuhubiri.

Msinitazame hivyo. Wakati ule niliona nimepata akili kubwa sana, Injili inaingia ndani na mimi nabaki nje. Nilihubiri nusu saa nzima, bonde lote likasikia kwamba dada yangu yuko huru. Yeye alitoka akasimama mlangoni, amejifunga shuka, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipozima akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Kaka, nimesikia. Kama niko huru, vuka basi uje unywe maji."

Nikamwambia, "Leo nina safari, dada. Nitarudi."

Akasema, "Haya. Msalimie wifi," akaingia ndani. Alijua kabisa kwa nini sivuki, na bado akamtumia mke wangu salamu.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikatangaza kwamba nimemtembelea dada, tumeomba naye, anaendelea vizuri. Watu wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa uongo mnaoujua.

Mke wangu akajifungua salama, mtoto wa kike. Ndipo hofu ikanikamata kweli kweli. Mtoto akipiga chafya, mimi namwona dada yangu mlangoni. Mtoto akikataa ziwa, nasikia, "Vuka uje unywe maji." Mwisho nikafanya jambo ambalo mwinjilisti halifanyi. Nilivua tai, nikateremka mpaka tambarare mbele ya Katesh ambako sijulikani, nikaenda kwa mganga. Aliponiuliza kazi yangu nikasema mkulima. Akanipa kamba nyembamba yenye kipande cha mzizi, nimfunge mtoto shingoni. Mke wangu nikamdanganya kwamba mama yangu ndiye aliyeitaka, eti ni heshima ya bibi kwa mjukuu. Kwa hiyo hesabuni wenyewe: nimelidanganya kanisa, nimemdanganya mganga, nimemdanganya mke, na mama yangu mzazi nimemsingizia.

Siku ya ubatizo ikafika. Mchungaji wetu wa wakati ule alimpokea mtoto, akamlegeza nguo shingoni ili isilowe, vidole vyake vikakutana na ile kamba. Nilimwona ametulia. Akaniangalia mara moja. Akairudisha kamba ndani ya nguo, akambatiza mtoto, akanirudishia. Wala hakuna aliyejua.

Baada ya ibada akaniita ofisini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea juu ya hirizi. Lakini hakuniuliza habari ya hirizi. Aliniuliza, "Mwinjilisti, siku ile ulipomtembelea dada yako, ulisimama umbali gani?"

Nililia, ndugu zangu. Mtu mzima na tai yangu nililia kama mtoto, nikamweleza yote. Akanisikiliza, akasema, "Ile kamba sikuikata, kwa sababu nikiikata mimi, wewe utafunga nyingine. Kipaza sauti kiache hapa. Utahubiri tena siku utakayokuwa umekunywa maji kwa dada yako."

Mnafikiri nilikwenda kesho yake? Wiki sita zilipita. Nililima viazi nikawaambia watu napumzisha koo. Mara mbili nilifika kijitoni nikarudi. Nilijiona sifai kitu, na kwa kweli sikufaa, maana nilikuwa nawaita watu watoke mahali ambapo mimi mwenyewe nimejificha.

Siku moja mke wangu alikuwa anamenya viazi, nikamwambia ukweli wote. Alimgeuza mtoto, akaikata ile kamba kwa kisu kile kile cha viazi, akaitupa motoni. Kisha akachukua kanga akamfunga mtoto mgongoni.

"Twende kwa wifi," akasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto ana shangazi."

Alivuka kijito mbele yangu, viatu mkononi. Mimi nikafuata nyuma. Lakini sikilizeni kilichotokea, hasa ninyi mnaoingizwa kazini. Dada yangu alipoona mgongo wa mke wangu una mtoto, alipiga kelele, "Wifi, rudi! Usimlete hapa, atakufa!" Akafunga mlango.

Miezi saba watu walimwambia kwa matendo kwamba yeye ni kifo, na mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka akaamini. Siku ile nikajua kwamba kazi haikuwa kuvuka maji tu. Nikakaa chini kando ya mlango wake. Sikuhubiri. Nilimweleza dada yangu kwamba nilimwogopa, kwamba nilitangaza uongo kanisani, kwamba nilikwenda kwa mganga kujikinga na yeye, tumbo letu moja. Nikamwomba msamaha. Kisha nikasema, "Nina kiu, dada."

Mwisho mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa kikombe cha bati. Nikanywa, mke wangu akanywa. Mtoto hakumgusa, hata kumtazama alikataa. Tukaomba pale pale mlangoni, tukaahidi kurudi.

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Ndiyo, siku ya tatu. Mama yangu alikuja mbio, akasimama uani akasema, "Mmeona? Mmemuua mjukuu wangu!" Mkononi alikuwa na kamba nyingine. Nilitamani kuipokea, siwafichi. Mke wangu akasema, "Mama, tunampeleka hospitali Haydom," tukapanda basi. Wakasema ni nimonia, wakaanza kumchoma sindano.

Siku ya pili tukiwa wodini nikamwona dada yangu anaingia, na chupa ya uji mkononi. Ametembea kwa miguu toka kwake, amepita katikati ya soko la kwetu mchana kweupe, na watu walimpisha pande zote mbili kama gari la maiti. Alisimama mbali na kitanda. Akasema, "Nimesikia anaumwa. Nimekaa kule nikijiambia nisije nikamuua. Halafu nikawaza, wa kwangu alipokuwa anaumwa nilitamani mtu mmoja tu aje. Nimeshindwa kukaa."

Mke wangu akamweka mtoto mikononi mwa dada, akachukua nepi, akaenda kufua. Dada akabaki ameshika mtoto, hana pa kumweka. Kisha akakaa kitandani, akaanza kumbembeleza kwa Kiiraqw, machozi yakimdondokea mtoto usoni. Alikaa naye mchana ule wote. Mtoto bado alikuwa na homa, wala sikujua kama atapona, lakini hofu yangu ilikuwa imekwisha. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyopigiwa makofi.

Mtoto alipona. Mama yangu ile kamba aliitupa mwenyewe, hatukumwambia kitu.

Wapo walioniuliza, na kama angekufa? Swali la haki. Angekufa, tungemzika na kulia, na dada yangu angekuwa amekaa katikati yetu akilia nasi. Hilo ndilo ninalowashuhudia. Sikuahidiwa kwamba watoto hawatakufa. Niliahidiwa Bwana aliyewagusa watu wasioguswa, na yeye hakuwaita kutoka ng'ambo.

Namshukuru mchungaji yule aliyeninyang'anya kipaza sauti. Nawashukuru wauguzi wa watoto. Namshukuru mke wangu, ambaye ndiye mwinjilisti wa nyumba yetu, ila hajawahi kupewa barua. Namshukuru dada yangu aliyenisamehe kabla sijamaliza kuomba.

Na ninyi mnaowekewa mikono, neno langu ni fupi. Mtu aliyefungwa na hofu anajua maneno yetu yote, ameshayasikia. Anachongojea ni kuona kama tunayaamini. Ingieni. Kaeni. Kuleni chakula chake.

Najua mama zetu wamepika, na harufu ya nyama imetufikia tangu mahubiri. Kuleni vizuri. Mimi leo sitakula hapa. Huko juu kuna binti amefiwa na mtoto wiki iliyopita, na tayari ameanza kuwekewa chakula njiani. Nakwenda kula kwake, sasa hivi, tukisema amina. Anayetaka twende, nitakuwa hapo mlangoni.